Teknolojia kwa Ndugu Zetu wa Vijijini: Tuache Kutupa, Tuanze Kutunza

Ni jambo la kawaida katika misikiti yetu ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju kwa upande wa Kinondoni, kusikia baada ya swala ya Ijumaa tangazo la mchango kwa ajili ya ndugu zetu wa vijijini. Wengi wetu katika safu zile ni wana wa Rufiji, Kilwa, Mkuranga, Mafia na Bagamoyo. Tulikuja mjini kwa ajili ya masomo au riziki, na wazazi wetu tukawaacha huko. Kwa hiyo tangazo likitolewa, mifuko hufunguka. Tunatoa mikeka, misahafu, mabati na saruji. Katika miaka ya karibuni tumeanza kutoa pia kompyuta na simu. Hili la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumzia, kwa sababu tumelifanya kwa nia njema na tumelifanya vibaya.

Tuanze na kosa letu wenyewe, kwani anayenasihi watu hana budi aanze na nafsi yake. Miaka kadhaa iliyopita sisi wa madrasa yetu tulichangisha fedha, tukanunua kompyuta mbili za mezani zilizokwisha kutumika, tukazifunga katika maboksi na kuzipakia katika basi pale Rangi Tatu kuelekea kijiji kimoja cha bonde la Rufiji. Tulizikabidhi, tukapiga picha, tukaomba dua, tukarejea mjini tukiwa tumeridhika. Mwaka uliofuata tulipokwenda kijijini hapo kuhani msiba tulizikuta. Moja ilikuwa imefunikwa kanga, na juu yake pamepangwa sahani. Ya pili ilikuwa imefunguliwa, na panya wamezaa ndani. Umeme ulikuwa bado haujafika kijijini. Jenereta ilihitaji mafuta ambayo hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuyanunua. Ama kijana tuliyemfundisha kuziendesha, alikuwa amekwisha kuhamia hapa hapa Dar es Salaam. Mzee mmoja alituambia kwa upole: "Wanangu, mlituletea ng'ombe, hamkutuletea majani."

Maneno yale yalituuma, na yalistahili kutuuma. Tulikuwa tumehesabu thamani ya kifaa, wala hatukuhesabu gharama ya kukiweka hai. Kwa hakika kifaa ni sehemu ndogo tu ya msaada wa namna hii. Sehemu kubwa ni ile isiyopigwa picha: chaji, vocha, fundi, na mtu mwenye dhamana ambaye atakuwapo kesho na keshokutwa.

Ndugu msomaji, hali ya leo si ile ya miaka ishirini iliyopita. Kabla ya Julai 2009, ulipoanza kufanya kazi mkongo wa baharini wa SEACOM uliotia nanga Dar es Salaam, nchi yetu ilitegemea satelaiti kwa intaneti ya kimataifa, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy, na bara nayo ikaunganishwa kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, ilimwezesha mtu wa Mbagala kumtumia mama yake fedha bila ya kumpa utingo wa basi bahasha. Mwezi Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Kwa hiyo swali la leo si tena namna ya kusafirisha kompyuta nzito juu ya barabara mbovu. Simu janja ya bei ya chini na paneli ndogo ya jua hubebeka katika mfuko mmoja. Lakini mnara haumfundishi mtu, na simu isiyo na salio wala mjuzi haina tofauti na ile kompyuta iliyofunikwa kanga.

Huenda wako wanaouliza: je, mkulima na mvuvi wana haja gani na mambo haya? Tuwatazame wavuvi wa Kerala, katika ile pwani ya Malabar ambayo majahazi yake yalikuwa yakija kwetu tangu zama za mababu. Simu za mkononi zilipofika huko kati ya mwaka 1997 na 2001, wavuvi wa sadini walianza kuuliza bei ya kila bandari wakiwa bado baharini. Mtafiti Robert Jensen aliyewafuatilia alichapisha mwaka 2007 kwamba faida yao iliongezeka kwa takriban asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na ule utupaji wa samaki waliokosa mnunuzi ukakoma. Hawakupewa nyavu mpya wala mashua mpya. Walipewa habari kwa wakati wake.

Sasa turudi kwetu. Ni nani katika wana wa Kusini na Pwani asiyeijua kangomba? Mlanguzi humjia mkulima wa korosho nyumbani akiwa na kipimo chake, katika msimu wa njaa, na kumtajia bei aipendayo yeye. Mkulima hukubali kwa sababu ana shida, na pia kwa sababu hajui mnada umekwendaje. Tangu msimu wa mwaka 2024 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei hujulikana siku ile ile kwa mwenye njia ya kuijua. Je, si dhulma kwamba mlanguzi anaijua kabla ya mwenye shamba? Shida ya njaa haiondolewi na simu, hilo tunalikubali. Lakini giza la kutojua bei laweza kuondolewa, na tukilinyamazia tumemsaidia mlanguzi.

Si lazima kila jambo lihitaji simu ya gharama. Mwaka 2012 ilianzishwa hapa nchini huduma ya Wazazi Nipendeni, ambayo ilimpelekea mama mjamzito nasaha za afya kwa ujumbe mfupi, bila malipo, hata katika simu ndogo ya tochi. Na tukumbuke mwaka 2024. Mwezi Aprili mafuriko ya Rufiji yalizamisha mashamba na makazi, na mapema mwezi Mei kimbunga Hidaya kikaikumba pwani, barabara ya Kibiti kwenda Lindi ikakatika. Katika siku zile wengi wetu hapa mjini tulikuwa tukipiga simu usiku na mchana kuwatafuta jamaa zetu. Aliyekuwa na chaji alisikika. Aliyeishiwa chaji, watu wake walikaa katika hofu.

Ama wale ndugu wanaochelea kwamba intaneti itapeleka vijijini machafu, kamari na utapeli, hofu yao ni ya haki na hatuidharau. Tumeona vijana wakipoteza fedha za mbegu katika mikeka ya kubashiri mpira. Tumeona wazee wakilizwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini tuseme ukweli: shari hiyo haikungoja ruhusa yetu. Imekwisha kufika, na imefika kabla ya kitabu na kabla ya bei ya mnada. Kijiji kisicho na mtu wa kuwaelekeza watu wake ndicho kinachotapeliwa kwa wepesi zaidi. Wanachuoni waliotangulia waliihesabu elimu ya tiba na ya hesabu katika fardhi kifaya, kwa kuwa umma hausimami bila ya kuwapo wanaozijua. Sisi tunaona kwamba kijiji cha leo hakikosi kuhitaji angalau mtu mmoja mwaminifu anayeyajua mambo haya kwa niaba ya wenzake.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne, nayo tumeyapata kwa kukosea.

Kwanza, tumtafute mtu kabla ya kukitafuta kifaa. Awe ni mtu mwenye makazi pale kijijini, ambaye hana nia ya kuhama, na wanakijiji wenyewe wamchague. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, nasi tusimpuuze.

Pili, tuanze na yale yasiyohitaji intaneti kila saa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Vitabu hivyo, pamoja na masomo ya dini yaliyorekodiwa, vyaweza kupakuliwa hapa mjini na kupelekwa katika memori kadi moja. Bando litumike kwa yale yanayobadilika, kama vile bei na utabiri wa hali ya hewa.

Tatu, tuweke waqfu wa matunzo. Wazee wetu wa pwani walipojenga msikiti waliuwekea waqfu minazi au nyumba, ili mapato yake yanunue mafuta ya taa. Walijua kwamba taa bila ya mafuta ni chuma tu. Sisi leo tunajenga fremu za maduka pembeni ya misikiti yetu. Je, tutashindwa kutenga kodi ya fremu moja kwa ajili ya vocha, betri na fundi wa kijiji kimoja?

Nne, hesabu isomwe mara mbili kwa mwaka katika misikiti yote miwili, wa mjini na wa kijijini. Anayepokea naye ana haki ya kujua kilichotolewa kwa jina lake.

Katika kijiji kile kile cha kompyuta zetu, huu ni mwaka wa pili tunaifuata njia hii. Kuna simu moja, paneli moja ya jua na memori kadi, vyote vikiwa katika dhamana ya mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, ambaye ni mama wa makamo. Hatudai kwamba kijiji kimegeuka. Kioo cha simu kimepasuka mara moja, na fedha ya fremu ikakitengeneza. Bado hatujaafikiana na wanakijiji iwapo wanaokwenda kuchajisha simu zao walipe kitu au la. Lakini msimu uliopita wakulima kadhaa walipita kwake kuuliza bei ya mnada kabla ya kumjibu mtu wa kangomba, na wawili kati yao walimrudisha mtu huyo na kipimo chake.

Tunajua kwamba katika misikiti yetu mingi hivi sasa panazungumzwa vigae vipya na viyoyozi. Hatusemi visinunuliwe. Tunasema kwamba kamati zetu zitakapokaa kupanga mapato ya mwaka ujao, pawepo mjumbe mmoja wa kuuliza: kile tulichokipeleka kijijini mwaka jana, bado kinawaka? Na swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na jawabu lake.

Wabillahi tawfiq.