Punda Anapoumwa na Tumbo

Kijana mmoja wa hapa Iringo, aliyekuwa mwanafunzi wetu chuoni, ametuuliza: punda wa baba yake, achukuaye maji, amesusa chakula tangu jana, asimama kimya, masikio yameanguka. Je, ni uvivu?

La, si uvivu. Yamkini ni msokoto wa tumbo, nao huua.

Sura ya An-Nahl, aya ya 8, yamtaja punda pamoja na farasi na baghala. Tumbo lao ni namna moja, lakini tabia zao si moja. Farasi aumwaye hupara ardhi, hujitazama ubavu, hutoka jasho, hugaagaa. Punda huvumilia mno. Akifikia kugaagaa kwa maumivu (si kule kugaagaa mavumbini kwa raha), hali imekwisha kuwa mbaya.

Mfunue mdomo: ufizi wa mzima una rangi ya waridi na unyevu, ukiwa mwekundu sana au wa kibuluu, ni hatari. Weka sikio ubavuni: matumbo mazima hunguruma. Hesabu mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto. Punda mzima aliyetulia hupata kama 44 kwa dakika. Kisha tazama kinyesi: je, kimekauka, au hakuna kabisa?

Sababu ni nyingi: majani makavu na maji haba, meno mabovu, minyoo, mchanga, pumba nyingi kwa ghafula. Tena kuna mifuko ya plastiki, ambayo punda huila majalalani ikaziba matumbo. Kule Lamu, ambako punda hubeba mizigo ya mji na ambako pana zahanati yao tangu 1987, jambo hili lajulikana sana. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, lakini iliyokwisha kutupwa haiozi.

Sasa twaungama kosa. Miaka iliyopita jirani alimwinua punda wake kichwa, akammiminia chupa ya mafuta kooni. Sisi tulimshikia kamba. Mafuta yaliingia mapafuni, na siku ya tatu punda akafa. Punda hana uwezo wa kutapika, na cha kumnywesha kwa nguvu hupotea njia upesi. Daktari wa mifugo hupitisha mpira puani hadi tumboni, naye humdunga sindano ya kutuliza maumivu.

Basi, ewe kijana, mwite daktari leo hii, wala usingoje kesho. Punda akikaa na njaa, mafuta ya mwili wake hujaa katika damu na kuharibu ini, hasa akiwa mnene au ana mimba. Mwondolee mzigo na majani magumu, mwekee maji safi, mtembeze polepole akikubali, wala asipigwe. Kumbuka alikula nini na alikunya lini, maana utaulizwa. Na kama ana mwenziwe, waache pamoja. Punda akitengwa na mwenziwe huzidi kususa.