Uchovu sugu: Damu yatoa ishara, kipimo bado chasubiriwa

Mgonjwa wa uchovu sugu mara nyingi hutoka hospitalini na karatasi ya majibu isiyo na kasoro: wingi wa damu uko sawa, sukari iko sawa, tezi ya shingo iko sawa. Hata hivyo, akijikaza na kazi ndogo leo, kesho huweza kulala kitandani mchana kutwa. Mwajiri huiamini karatasi. Wakati mwingine hata ndugu zake.

Ndiyo maana uchunguzi kuhusu msongo wa oksidesheni umefuatiliwa kwa hamu. Seli zinapozalisha nguvu kwa kutumia oksijeni, hutoa pia chembe kali zinazoweza kuharibu mafuta ya kuta za seli. Kwa kawaida mwili huzizima. Zikiushinda, mabaki ya mafuta hayo huonekana katika damu. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walibaini kuwa mabaki hayo, yaitwayo isoprostani, yalikuwa mengi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wenye afya, na yalihusiana na dalili zao.

Lakini mvutaji sigara naye anayo mengi, na mgonjwa wa kisukari vilevile. Kiashiria hicho chaonyesha kuwa kuna moto; hakisemi umewashwa na nini.

Kasoro kama hiyo imejitokeza hata katika kipimo cha damu kilichotangazwa Uingereza Oktoba 2025, ambacho hutazama namna chembe za urithi zilivyojikunja. Wagonjwa 47 mahututi walilinganishwa na watu 61 wenye afya, na usahihi ukatajwa kuwa asilimia 96. Daktari, hata hivyo, haletewi mzima na mahututi awatofautishe. Huletewa wachovu wawili, pengine mmoja ana sonona, na hapo ndipo kipimo kingepaswa kujaribiwa.

Tahadhari hiyo ina historia. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha madai ya virusi katika damu ya wagonjwa hawa. Mwaka 2011 likayafuta, baada ya kubainika kuwa sampuli zilichafuliwa maabara.

Kwa sasa mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 humtaka daktari kuondoa uwezekano wa maradhi mengine, kisha kusikiliza maelezo ya mgonjwa. Asiyesadikiwa hana cha kuonyesha.