Kabla hujapiga hiyo picha ya futari

Ndugu yangu, umeenda kugawa futari, sawa. Mama amenyoosha mkono kupokea unga, wewe ushampiga picha na ushaipost. Ulimuuliza? Kesho mwanawe ataiona shuleni, kwenye simu ya mwenzake.

Usiniambie ni ya wafadhili. Wapigie picha magunia, yatawatosha.

Halafu hii si adabu tu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, hata aliye kwenye foleni ya msaada. Na watoto je? Mwaka 2023 shule moja hapa Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kupost picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Muulize kwanza. Akikataa, tia simu mfukoni umpe unga wake.