TAHARIRI: OILI YA DIFU NI KAZI YETU SOTE



Guta letu, yaani ile pikipiki ya magurudumu matatu, ndilo linalotubebea mbolea, mahindi, na usiku mwingine hata mgonjwa. Mavuno yamekaribia. Leo tunasema juu ya kitu kimoja tu: oili ya difu.

Pikipiki nyingi huvutwa na mnyororo. Mnyororo ukilegea unapiga kelele, ukikauka unashika kutu, kila mtu anaona. Guta letu halina mnyororo wa nyuma. Nguvu ya injini inapita kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachozunguka, mpaka kwenye difu katikati ya ekseli. Humo meno ya gia ndiyo yanayozungusha magurudumu. Jambo hili si geni: pikipiki ya kwanza ya BMW ya Ujerumani, R32 ya mwaka 1923, nayo ilikwenda kwa shafti. Lakini meno haya yamefungwa ndani, hayaonekani. Yakianza kulia, ujue yamekwisha kuumia.

Wapo wanaosema, "Aa, hiyo kazi ya fundi bwana." Sivyo. Kutengeneza difu iliyovunjika ndiyo kazi ya fundi. Kubadilisha oili ni kazi ya yeyote mwenye spana na karai. Bei ya kopo la oili si kitu mbele ya bei ya difu mpya, na difu ikifa wakati wa mavuno mahindi yatalala shambani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi kazi ifanywe hivi:

1. Endesha guta mwendo mfupi ili oili ipate moto kidogo. Liegeshe mahali tambarare, zima injini, weka mawe kwenye magurudumu.

2. Safisha udongo kwenye vizibo vya difu. Fungua KWANZA kizibo cha kujazia. Kikikataa kufunguka, usiguse cha chini, maana utamwaga oili ukose pa kujazia nyingine.

3. Weka karai, fungua kizibo cha chini, tazama oili inayotoka. Ikiwa nyeusi, imechoka. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Unga laini wa chuma ni kawaida. Lakini ukikuta vipande vya chuma, guta lisitembee, aitwe fundi.

4. Rudisha kizibo cha chini na washa yake, kaza kwa kiasi. Jaza oili mpya kwa kipimo cha kitabu cha guta. Mara nyingi ni mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia. Isizidi. Ikizidi huweza kupenya kwenye sili ikalowesha breki, na guta lenye mzigo bila breki ni msiba.

5. Piga grisi kwenye krosi za shafti. Itikise kwa mkono. Ikicheza sana, mwiteni fundi.

Oili yenyewe ni ya gia, si ya injini. Aghalabu kopo huandikwa 80W-90, lakini tufuate kitabu. Hapa ndipo kisomo kinapolipa: anayesoma namba kwenye kopo hauziwi oili nyingine dukani. Oili chafu itiwe kwenye dumu lenye kifuniko, isimwagwe karibu na kisima.

Sasa, ndugu zangu, tuambizane ukweli. Pikipiki ya mtu binafsi hupimwa oili na mwenyewe. Guta ni la wote, basi kila mtu anadhani mwenzake amepima. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo tunapendekeza mkutano ujao uamue hivi: liwepo daftari la guta ofisini, kila mwezi dereva wa zamu apime oili ya difu, aandike tarehe na jina lake, oili yote ibadilishwe kabla ya mavuno, au mapema zaidi kitabu kikisema hivyo. Na guta likivuka mto maji yakafunika difu, apime siku ile ile.

Asiyejua aje ajifunze, awe mzee, mama au kijana. Spana haichagui mkono.

Shime wanaushirika! Tupime oili kabla mahindi hayajakauka.