Mkaa hauna moshi wa kutuonya

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naliona ni la hatari kwa wananchi, hasa sisi wakazi wa Dodoma na nyanda za kati, kila unapoingia mwezi wa Juni.

Ndugu zetu wengi wa pwani hudhani kwamba Dodoma ni jua na vumbi tu. Hao hawajapata kulala hapa mwezi wa Julai. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo upepo mkavu huvuma mchana na usiku. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Kwa mtu wa Makete au Njombe hilo si neno, lakini kwa mtu aliyeshinda juani kisha akalala chini ya bati lisilokuwa na dari, ni baridi ya kutetemesha meno.

Mimi nilizaliwa ndani ya tembe, kabla ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Kwa vijana wasiolijua, tembe ni nyumba ya Wagogo na majirani zetu kadhaa wa nyanda za kati. Kuta zake ni miti iliyosimamishwa karibu karibu na kukandikwa udongo na samadi. Paa lake ni bapa: boriti, fito, majani, halafu udongo juu yake. Paa la namna hiyo linawezekana kwetu kwa sababu mvua ni chache, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Mchana tulianika mtama na uwele juu ya paa hilo, na usiku tukalala chini yake.

Jioni bibi yangu alikoka moto wa kuni za mgunga katikati ya mafiga. Tulikaa kuuzunguka, watoto mbele na wakubwa nyuma, tukinywa uji wa uwele na kusikiliza hadithi. Ndama na mbuzi wadogo walilala nyumba hiyo hiyo, na pumzi zao pia zilikuwa joto. Wakati wa kulala, bibi alifukia makaa kwa majivu ili asubuhi apate pa kuanzia. Sisi tulijilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, na sikumbuki kwamba tuliwahi kulalamika juu ya baridi.

Kwa miaka mingi nilidhani ni ule moto uliotupa joto usiku kucha. Sasa nafahamu kwamba haikuwa hivyo, maana moto wenyewe ulikuwa umefukiwa. Ilikuwa ni nyumba. Udongo mnene wa kuta na paa hunywa joto la jua polepole mchana kutwa, na usiku hulirudisha polepole. Bati halina tabia hiyo. Saa nane mchana linakuunguza, na usiku wa manane linakuwa baridi kama maji ya mtungi.

Sina maana kwamba turudi kwenye matembe. Tembe lilikuwa na adha zake na sisi tuliolala humo hatuzisahau. Moshi ulitutoa machozi na kuwakohoza wazee. Papasi walijificha katika nyufa za kuta na sakafu wakatuletea homa yao. Mwalimu Nyerere alipokuja Chamwino kushiriki katika kazi ya kujenga kijiji cha ujamaa, na watu wakafundishwa kufyatua matofali, nia ilikuwa ni kumpa mwananchi nyumba bora, na ilikuwa nia njema. Vile vile, moto wa kuni kila usiku unakula miti, na sisi tulioona makorongo ya Kondoa kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma kuanza mwaka 1973 tunajua gharama ya ardhi isiyo na miti.

Ninachosema ni kwamba tulipobadili nyumba, hatukubadili desturi ya kuota moto ndani. Tumehamisha moto tu, kutoka kwenye kuni kwenda kwenye mkaa, na kutoka nyumba yenye matundu kwenda chumba kilichofungwa pande zote. Hapo ndipo hatari ilipo.

Julai moja miaka michache iliyopita, mjukuu wangu anayesoma hapa mjini alipanga chumba pamoja na mwenzake. Usiku mmoja wa baridi walipika wali, wakaona makaa bado mekundu, wakaliingiza jiko ndani, wakafunga dirisha la vioo na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga. Alfajiri mjukuu wangu aliamka kichwa kikimgonga, miguu haimtii. Alianguka mlangoni, na kishindo hicho ndicho kilichomwamsha jirani. Walivunja dirisha na kuwatoa nje. Mwenzake hakujitambua mpaka walipofika hospitali. Wote wawili wako hai leo, lakini nasema ni Mungu tu. Kila mwaka tunasikia habari za familia ambazo hazikuwa na bahati hiyo.

Baadhi ya majirani walisema ni mambo ya kishirikina. Hapana, ndugu zangu. Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tunayoihitaji, na mtu hukosa pumzi akiwa usingizini bila hata kujua. Moto wa bibi yangu nao ulitoa gesi hiyo. Lakini mlango wa tembe haukuziba sawasawa, na moshi ulikuwa ukitoka penye nyufa chini ya paa. Zaidi ya hayo, moshi wenyewe ulikuwa mlinzi wetu: ukizidi unakohoa, unaamka, unafungua mlango. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na ndiyo sababu tunauamini kuliko unavyostahili.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mwananchi ajue kwamba jiko la mkaa halilali na watu. Sufuria ya maji juu ya jiko haiizuii gesi hiyo, na kumpa maziwa mtu aliyezirai hakuiondoi. Dawa ya kwanza ni kumtoa nje penye hewa na kumkimbiza hospitali.

Pili, wenye nyumba za kupangisha waache matundu ya hewa juu ya madirisha. Mafundi wa zamani hawakuyasahau. Siku hizi yanazibwa ili nyumba ipendeze.

Tatu, tunapojenga tusiutupe ujuzi wa wazee wetu. Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na saruji kidogo yanahifadhi joto vizuri, na dari chini ya bati, hata ya bei nafuu, inapunguza baridi ya usiku na joto la mchana pia. Fedha ya dari na blanketi nzito ni ndogo kuliko gharama ya sanda.

Nne, wenyeviti wa mitaa na vijiji, walimu na redio zetu walitangaze jambo hili kila mwaka kabla baridi haijaanza, wala si baada ya mazishi. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Naupongeza. Lakini naomba wahusika wakumbuke kwamba kwetu huku jiko halipiki tu, linaotwa pia. Mtu anaweza kupika kwa gesi saa moja jioni, na saa nne usiku akawasha mkaa kwa ajili ya watoto wake wanaotetemeka. Asipoelezwa namna nyingine ya kuwapa joto, mkaa utabaki uvunguni mwa kitanda.

Mji wetu unakua haraka tangu Serikali ilipohamia hapa. Wageni wengi hawajui baridi yetu, na vijana wetu hawajui tembe. Sisi wazee tunaojua vyote viwili tusiponena, tutakuwa na lawama.

Ni mimi,
Mzee wa Tembe,
Chamwino, Dodoma.