Mfumo Ulikuwa Hewani

Miaka miwili iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo iliyoketi kusikiliza rufaa za wanafunzi walioshindwa kukamilisha usajili kwa wakati. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Rufaa zilikuwa nyingi, maelezo yalifanana, na wengi wetu tulikuwa na mihadhara ya mchana. Aliingia binti mmoja wa mwaka wa pili, akatuamkia wote, akaeleza kwamba usiku wa mwisho alikaa kwenye kompyuta ya kukodi tangu saa mbili hadi saa sita akibonyeza kitufe kile kile, ukurasa ukizunguka kisha ukikatika. Hakuwa na picha ya kuthibitisha. Simu yake ilikuwa ya vitufe.

Mwenyekiti akasoma barua kutoka ofisi inayosimamia mfumo. Sentensi yake moja ndiyo iliyobeba uzito wote: mfumo ulikuwa hewani kwa muda wote wa usajili. Tukatazamana. Binti alikuwa na neno lake. Ofisi ilikuwa na barua yenye muhuri. Nilitia saini pamoja na wenzangu. Akaahirisha mwaka, na kwa kuwa mkopo hautoki kwa asiyesajiliwa, akarudi kwao.

Leo ninataka kuizungumzia sentensi ile, kwa sababu nimejifunza baadaye kwamba ilikuwa ya kweli, na kwamba ukweli wake haukuwa na thamani yoyote.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kumuuliza kijana mmoja wa kitengo cha TEHAMA swali ambalo kamati nzima haikulifikiria: mnajuaje kwamba mfumo uko hewani? Akanijibu bila kusita, "Mwalimu, kuna programu inayobisha hodi kwenye seva kila dakika. Seva ikiitikia, inaandika kwamba iko hewani." Basi. Mbisha hodi anaitikiwa "karibu", anaondoka, hangoji kuona kama mlango unafunguliwa wala kama mgeni anapewa kiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa shahidi wetu dhidi ya binti yule.

Kijana mwenyewe alikuwa haridhiki nayo. Alikuwa amesoma juu ya Prometheus, programu huria ya ufuatiliaji iliyoanza kuundwa mwaka 2012 na wahandisi wa SoundCloud, kampuni ya muziki ya mjini Berlin, na alitaka kuiunganisha na mfumo wa usajili. Nikaomba nikae kando nitazame. Mimi si fundi, lakini nafundisha masuala ya utawala, na sikuwahi kuona kwa macho yangu namna serikali inavyoweza kujipima kutoka ndani.

Kiunganishi chenyewe si kitu cha kutisha. Mfumo wetu, kama mifumo mingi ya ofisi, umeandikwa kwa lugha ya Java. Java, tangu toleo lake la 5 la mwaka 2004, huja na utaratibu uitwao JMX, ambao kwa huo programu inayofanya kazi hueleza hali yake yenyewe: imetumia kumbukumbu kiasi gani, wahudumu wake wa ndani wangapi wana kazi na wangapi wamekaa. Fikiri, msomaji: programu hizi zimekuwa zikijieleza kwa miaka yote hiyo na hapakuwa na wa kuzisikiliza. Kiunganishi ni faili moja dogo linalotajwa katika amri ya kuwasha programu, likifuatana na faili la maelekezo linalosema habari zipi zichukuliwe na zipewe majina gani. Programu ikiwaka, kiunganishi hufungua mlango wa pembeni. Anayeubisha hupewa ukurasa wa maandishi matupu, kila mstari una jina la kipimo na tarakimu yake. Prometheus huupitia ukurasa huo kila baada ya muda uliopangwa, kwetu sekunde 15, ikaweka kila tarakimu pamoja na saa yake.

Kazi ya ufundi haikuzidi alasiri mbili. Ya kwanza iliishia kwenye ukuta wa usalama wa mtandao, ambao ulikataa mlango mpya, na ulikuwa na haki ya kukataa. Mlango wa namna hiyo haupaswi kuwa wazi kwa dunia nzima, ukafunguliwa kwa mashine ya ufuatiliaji peke yake. Lakini kwa kuwa kiunganishi hutajwa wakati wa kuwasha, ilibidi mfumo uzimwe na kuwashwa upya, na kibali cha kuuzima kwa dakika tano kilituchukua siku tisa. Na hata baada ya hapo kipimo kimoja hakikuonekana, kile cha miunganisho ya kwenda kwenye hifadhidata. Kijana alipekua nyaraka hadi akagundua kwamba kuna mstari mmoja katika mipangilio ya programu ambao kwa kawaida huwa umezimwa, na usipouwasha sehemu hiyo hukaa kimya. Akauwasha.

Usiku wa mwisho wa usajili wa mwaka ule nilikaa naye ofisini tukinywa chai ya rangi. Ilipofika saa tatu kichakataji cha seva kilikuwa hakina kazi ya maana. Kumbukumbu ilitosha. Mbisha hodi aliendelea kuandika: hewani, hewani, hewani. Lakini mstari wa wahudumu wa ndani ulipanda hadi 200 ukagota hapo, na mstari wa miunganisho ya hifadhidata ulikuwa umenyooka kwenye 10, hautikisiki, kama dari.

Kijana aliutazama kwa muda mrefu kabla ya kunieleza. Programu iliweza kuhudumia maombi 200 kwa mara moja. Kati ya hayo, ni 10 tu yaliyoweza kusoma au kuandika kumbukumbu ya mwanafunzi kwa wakati mmoja. Mengine yalingoja, na kila lililongoja sekunde 30 bila kupata zamu lilitupwa nje. Mwenye nalo alianza upya, akaurefusha mstari. Tarakimu zote tatu, 200, 10 na 30, hazikuchaguliwa na mtu yeyote katika nchi hii. Zilikuja na programu kama zilivyotoka kwa watengenezaji wake, na hakuna aliyezigusa, kwa sababu hakuna aliyeona haja.

Alimpigia simu msimamizi wa hifadhidata, wakakubaliana kupandisha 10 kuwa 40, akauzima mfumo na kuuwasha. Kwa dakika mbili mbisha hodi aliandika kwa wino mwekundu kwamba mfumo hauko hewani. Halafu foleni ikayeyuka. Ningependa msomaji aitafakari hali hii: katika usiku ule wote, dakika pekee ambazo rekodi rasmi ingezihesabu kuwa za hitilafu ni zile mbili ambazo hitilafu ilikuwa inatengenezwa.

Wapo wenye nguvu na fedha kutuzidi walioangukia shimo hili hili. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Barack Obama ilifungua HealthCare.gov, tovuti ambayo kwayo raia wa Marekani wangejinunulia bima ya afya. Siku ya kwanza waliofanikiwa kufika mwisho wa maombi walikuwa watu 6. Mwandishi Steven Brill, aliyesimulia ukarabati wake katika jarida la TIME mwaka 2014, alieleza kwamba wahandisi walioitwa kuiokoa walikuta hakuna hata dashibodi ya kuonyesha watu wangapi wamo ndani, wanajibiwa kwa muda gani na wanakwama wapi. Usiku wa tarehe 18 Oktoba walikaa kama saa 5 wakaitengeneza. Kufikia tarehe 1 Desemba serikali ilitoa taarifa kwamba wastani wa muda wa kujibu umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya sekunde 1, na makosa kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 1. Sisemi kwamba dashibodi ndiyo iliyoponya; yalifanyika mengi. Nasema kwamba wiki mbili na zaidi za aibu ya taifa zilipita viongozi wakijibizana juu ya jambo ambalo hapakuwa na chombo cha kulitazama kwa ukamilifu. Brill ameeleza pia kanuni ya chumba chao cha kazi: aseme anayelijua tatizo zaidi, si mwenye cheo kikubwa zaidi. Hiyo nadhani ni ngumu kuiagiza kuliko programu yoyote.

Turudi kwetu. Ninaposikia katika ofisi ya umma maneno "mtandao unasumbua, njoo kesho", sisikii tena maelezo ya kiufundi. Ni hukumu inayotolewa bila ushahidi, na anayehukumiwa ni yule aliyelipa nauli. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na wanaharakati wengi wanaosoma makala hizi wameitumia vizuri. Lakini sheria hiyo inafungua makabati. Haijazi kabati lisilo na kitu. Taarifa ambayo haikukusanywa haiombwi, na vipimo vya mfumo havikusanywi kwa kurudi nyuma. Mfumo ulichofanya jana usiku pasipo wa kuandika kimekwenda na jana.

Hata vikikusanywa, mambo mengine yanaamuliwa kimyakimya. Prometheus, usipoielekeza vingine, huhifadhi vipimo kwa siku 15 kisha huvifuta. Kamati yetu ya rufaa huketi zaidi ya mwezi baada ya usajili kufungwa. Kwa hiyo mtu akiweka kiunganishi kwa uaminifu wote na kuacha mpangilio huo mmoja kama ulivyo, ushahidi utakuwa umekufa kabla ya mlalamikaji kuitwa. Nimewauliza watumishi wa taasisi kadhaa vipimo vyao hukaa siku ngapi. Wengi walinitazama kana kwamba nimeuliza rangi ya nyaya.

Halafu kuna ujanja wa wastani. Chukua wanafunzi 100. Kati yao 95 wanajibiwa kwa nusu sekunde na 5 wanangoja sekunde 30 kisha wanatupwa nje. Piga hesabu: wastani ni chini kidogo ya sekunde 2. Mkuu wa idara ataandika katika ripoti ya robo mwaka kwamba huduma ni ya haraka, na hatakuwa amedanganya. Wale 5 hawaonekani mpaka pale anayepanga vipimo anapoamua kuuliza aliyechelewa kuliko wote alingoja muda gani, na wangapi walioanza hawakumaliza. Huo ni uamuzi wa kisiasa ingawa unafanywa na kijana aliyeketi mbele ya faili la maelekezo, na mara nyingi haambiwi kwamba ameachiwa mamlaka hayo.

Nina tahadhari moja kwa wenye shauku. Kipimo hubandikwa lebo, na kishawishi ni kubandika namba ya mwanafunzi au ya kitambulisho cha taifa ili ijulikane nani alikwama. Lisifanywe hilo. Kwanza hifadhi ya vipimo itafurika, kwa kuwa kila lebo mpya huzaa mfululizo mpya wa tarakimu. Pili, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na dashibodi inayotazamwa na watu ishirini si mahali pa kuanika nani alijaribu kulipa ada saa ngapi. Kwa ajili ya haki ya binti yule ilitosha kuonyesha kwamba kati ya saa mbili na saa sita, maombi yalikuwa yakitupwa.

Hofu ya upande wa pili nayo siidharau. Asubuhi baada ya usiku ule nilimshauri kijana aichapishe grafu na kuipeleka kwa wakubwa. Akacheka kidogo. "Mwalimu, nikiipeleka nitaulizwa kwa nini sikuiona mwaka jana." Alikuwa sahihi. Mahali ambapo kila kipimo kibaya humtafuta wa kumwadhibu, mafundi watajifunza kupima vitu visivyoweza kuwa vibaya, na hakuna kitu salama kuliko kubisha hodi na kuitikiwa. Ndiyo maana siamini kwamba kiunganishi kitaenea kwa semina za mafundi pekee. Kiandikwe katika mkataba wa kila mfumo unaonunuliwa kwa fedha za umma, pamoja na siku za kuhifadhi na mtu wa nje ya kitengo mwenye haki ya kutazama. Mkandarasi atakayekataa mfumo wake upimwe kutoka ndani atakuwa ametueleza jambo la maana kabla hatujamlipa.

Grafu hatimaye niliipeleka mimi, kwa jina langu, kwa kuwa mhadhiri hana cha kupoteza katika kitengo kile. Nimependekeza kwamba kila rufaa ya usajili iambatane na vipimo vya saa anazozitaja mwanafunzi, na kwamba vihifadhiwe mwaka mzima. Nimejibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi.

Binti yule alirudi, yuko mwaka wa tatu sasa, nyuma ya wenzake aliokuja nao. Nilimtafuta nikamweleza nilichokiona. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, usiku wangu nao umo kwenye hiyo mashine?"

Nikamwambia haumo. Mashine ilianza kuandika mwaka mmoja baadaye, na mipangilio ya mwaka wake inawezekana ilikuwa ile ile, lakini "inawezekana" ndilo neno pekee nililonalo. Barua ya kuomba jalada lake lifunguliwe upya na saini yangu iondolewe niliiwasilisha Jumatatu. Imepokelewa na kugongwa muhuri.