Habari Nyingi, Maarifa Haba



Jioni ya tarehe 18 Aprili 1930, siku ya Ijumaa Kuu, wasikilizaji wa redio ya BBC nchini Uingereza walikuwa wakisubiri taarifa ya habari. Mtangazaji akawaarifu kwamba siku hiyo hapakuwa na habari, na muda uliobaki ukajazwa kwa muziki wa piano. Kisa hicho huwachekesha watu wa leo. Hapana shaka mengi yalitendeka duniani siku ile bila mtangazaji yule kupata fununu yake. Hata hivyo, sisi tunaona heshima fulani katika maneno yake: asiye na la kusema alinyamaza.

Televisheni ya siku hizi haijui kunyamaza. Tarehe 1 Juni 1980, huko Atlanta nchini Marekani, kilizinduliwa kituo cha CNN, ambacho kazi yake ilikuwa kutangaza habari tu, usiku na mchana. Vita vya Ghuba vilipoanza Januari 1991, watu wa mabara yote walitazama anga la Baghdad likiwaka moto wakiwa wameketi sebuleni mwao. Mwaka 1996 Qatar ikaanzisha Al Jazeera, na mataifa mengine makubwa kwa madogo yakafuata nyayo. Leo mambo hayo yote yamehamia katika simu ya mkononi, yakiwa yamekatwa vipande vipande vya dakika moja moja, na kutumwa kutoka mtu hadi mtu kabla hata ya kutazamwa hadi mwisho.

Je, wingi huo umetufanya tuwe raia wanaofahamu zaidi? Jibu letu ni kwamba haukutufanya hivyo. Taarifa ya habari haipimwi kwa urefu wake wala kwa kasi yake. Hupimwa kwa maswali manne: imetueleza kilichotokea? Imetueleza kwa nini kimetokea? Imetuonyesha nani anawajibika? Imetuwezesha kujua lipi linaweza kufanyika? Taarifa isiyojibu hata moja kati ya hayo ni kelele, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Fundisho la mwaka 1994

Wapo watakaosema kwamba tunatia chumvi. Na watazame mfano uliotokea mlangoni petu.

Mauaji ya kimbari yalipoanza nchini Rwanda mwezi Aprili 1994, wageni wengi walihamishwa haraka, na pamoja nao wakaondoka waandishi wengi wa habari. Wachache walibaki kwa ujasiri mkubwa. Mwishoni mwa mwezi huohuo macho ya dunia yalikuwa Afrika Kusini, kwenye uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Tarehe 17 Juni, wakati watu bado wanachinjwa Rwanda, vituo vikubwa vya Marekani vilikatisha vipindi vyao ili kuonyesha gari moja likifuatwa na polisi katika barabara za Los Angeles. Ndani yake alikuwamo mcheza mpira mashuhuri, O. J. Simpson. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 95 walitazama. Vyombo vilikuwapo, setilaiti zilikuwapo, saa za kutangaza zilikuwa tele. Lakini picha za mauaji yenyewe zilizopata kupigwa ni chache mno.

Kamera zilifika kwa wingi mwezi Julai, pale umati wa Wanyarwanda ulipovuka mpaka na kuingia Goma, na kipindupindu kikaanza kuua. Picha zile zilikuwa za kweli, na mateso yale yalikuwa ya kweli. Watu wa nchi za mbali walilia na kutoa fedha zao. Walio wengi, hata hivyo, hawakuelezwa vya kutosha kwamba ndani ya umati ule walikuwamo pia wapangaji na watekelezaji wa mauaji, ambao waliendelea kutawala kambini. Mtazamaji aliona wenye shida, asijue ni shida gani imeletwa na nani. Sisi wa Tanzania, tuliopokea zaidi ya watu laki mbili katika daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili mwaka huo, tunajua kwamba huruma isiyo na maelezo hupotea njia. Mwaka 1996 vita vikaingia katika kambi za Kongo, na hadi leo watu wa Kivu hawajapata usingizi.

Twasema "mwenye macho haambiwi tazama". Mbele ya televisheni methali hiyo haitoshi. Macho huona kile tu ambacho kamera imeelekezwa kwacho.

Nani analipa, nani anahoji?

Ubora wa habari hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na tofauti hiyo haitokani na akili za watangazaji wala uzuri wa mitambo. Inatokana na mambo mawili: nani anakilipia chombo, na nani anaruhusiwa kukihoji.

Nchini Ujerumani taarifa iitwayo Tagesschau ilianza tarehe 26 Desemba 1952. Mpaka leo taarifa yake kuu husomwa saa mbili usiku, nayo huchukua dakika kama kumi na tano tu. Kaya hulichangia shirika la utangazaji moja kwa moja, na baada ya saa hiyo matangazo ya biashara hayaruhusiwi katika chaneli ile. Baada ya kuonja uchungu wa propaganda za Hitler, Wajerumani waliamua kwamba utangazaji usiwe mikononi mwa serikali kuu. Waziri Mkuu wao, Adenauer, alipojaribu kuanzisha televisheni iliyo chini ya serikali yake, Mahakama ya Katiba ilimzuia mwezi Februari 1961. Dakika kumi na tano zenye uhuru zina thamani kuliko saa ishirini na nne zenye bwana.

Nchini Marekani vituo vingi huishi kwa matangazo ya biashara na ada za watazamaji. Huko bwana ni idadi ya macho. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, kituo cha Fox News kilirusha madai ya uongo kwamba mashine za kampuni ya Dominion ziliiba kura. Kesi ilipofunguliwa, ujumbe wa ndani ulionyesha kwamba baadhi ya watangazaji na wakubwa wa kituo hawakuyaamini madai hayo, ila walihofu kuwapoteza watazamaji wao. Mwezi Aprili 2023 kituo kilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 787. Hayo ndiyo matokeo ya kumwuzia mtu habari kama bidhaa: anapewa anachokipenda badala ya anachostahili kukijua.

Nchini Italia, Silvio Berlusconi aliyemiliki chaneli tatu kubwa za binafsi alikuwa waziri mkuu mara kadhaa tangu mwaka 1994, na hivyo akawa na sauti pia juu ya televisheni ya umma. Nchini Urusi mambo yamekwenda mbali zaidi. Kituo cha NTV kilichothubutu kuikosoa serikali kiliwekwa chini ya kampuni ya Gazprom mwaka 2001, na tangu Machi 2022 anayetoa habari ambazo serikali inaziita za uongo kuhusu jeshi lake aweza kufungwa hadi miaka kumi na mitano. Warusi wana chaneli nyingi zenye picha safi, ila juu ya vita vya Ukraine zote huimba wimbo mmoja.

Hatusemi kwamba wapo malaika. BBC yenyewe, inayolipiwa na ada ya watazamaji, iliumbuka mwaka 2021, pale uchunguzi wa jaji mstaafu Dyson ulipothibitisha kwamba mahojiano ya mwaka 1995 na Princess Diana yalipatikana kwa njia za udanganyifu. Lakini uchunguzi ule ulifanyika, na ripoti yake ikachapishwa watu waisome. Tunachodai si chombo kisichokosea. Tunadai chombo kinachoweza kuulizwa.

Hapa kwetu

Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970. Tanzania Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Tangu hapo vituo vimeongezeka, na saa mbili usiku ni saa ya taarifa ya habari katika nyumba nyingi. Tunashukuru. Lakini tuipime taarifa hiyo kwa maswali yetu manne.

Aghalabu huanza na mheshimiwa anayekata utepe, ikafuata semina iliyofunguliwa hotelini, ikafuata warsha iliyofungwa. Mkulima wa korosho huonekana akiwa amesimama nyuma ya mgeni rasmi, akipiga makofi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye semina ametoa gari na posho, ilhali kijiji hakina cha kutoa. Mwandishi asiye na mshahara wa kutosha huishi kwa bahasha, na mkono mtupu haulambwi. Hatumlaumu yeye peke yake. Tunamlaumu zaidi mwajiri anayemtuma kazini bila nauli.

Tena yapo mambo ya dola. Mwezi Januari 2016 wananchi wa Tanzania walitangaziwa kwamba televisheni ya taifa ingeacha kuonyesha vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Januari 2018 mamlaka ya mawasiliano ilivitoza vituo vitano faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa namna vilivyotangaza ripoti ya haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo. Mwezi huohuo, nchini Kenya, serikali ilizima vituo vikubwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kuonyesha kuapishwa kwa Raila Odinga. Mwananchi akinyimwa kile kilichomhusu, hataacha kutazama. Atatazama mchezo wa kuigiza, ama ataamini kila uvumi unaoingia katika simu yake. Ukimya wa kulazimishwa na kelele zisizo na kikomo ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana vyote viwili humwacha mtu gizani.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuchague. Taarifa moja iliyosikilizwa kwa makini, pamoja na gazeti lililosomwa, inamtosha mtu kwa siku. Anayemeza habari kutwa huota sugu moyoni, na siku jirani atakapopiga yowe, naye atalisikia kama habari nyingine.

Pili, tuulize maswali yale manne kwa sauti, mbele ya watoto wetu, ili wakue wakijua kwamba televisheni huulizwa. Tatu, tusisambaze tusichokijua chanzo chake. Nne, tuviandikie vituo vyetu, vya umma na vya binafsi, vikiwamo vya dini, tukiwaomba wafike vijijini kwa gharama zao wenyewe. Tano, tuwatetee waandishi wanaoadhibiwa kwa kusema kweli, hata pale ukweli wao unapotugusa sisi.

Habari ni haki ya mwananchi kama maji ya kunywa. Lakini mafuriko nayo ni maji, na hakuna aliyewahi kukata kiu kwa mafuriko.